Aliyetumwa Ng'ambo Hana Budi Kufundishwa

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitumia kila siku, aghalabu bila kuitafakari. Yasema kwamba ujio wa mgeni ni heri kwa mwenyeji: jogoo huchinjwa, mgonjwa aliyesahauliwa huulizwa hali, na ugomvi wa nyumbani hunyamaza kwa siku mbili tatu. Lakini yako mambo katika zama zetu yaliyoigeuza methali hiyo juu chini. Wako wageni wajao, wakakaa majuma mawili, kisha wakarudi kwao wakitangaza kwamba waliopona ni wao wenyewe. Husema kwamba wamekua kiroho, kwamba macho yao yamefunguka, na kwamba maisha yao hayatakuwa tena kama yalivyokuwa. Wenyeji kwa upande wao huulizana kimyakimya: je, na sisi?

Twazungumza juu ya safari za misheni. Katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, tangu mji wa Kasese wenyewe hadi Bwera iliyo mpakani na Kongo, hufika makundi ya Wakristo kutoka Marekani, Uingereza na nchi nyinginezo. Huhubiri, hupaka rangi madarasa, hugawa miwani na dawa, huimba pamoja na watoto, kisha huondoka. Polisi wa barabarani huwaona wakipita katika mabasi madogo yaliyosheheni masanduku. Pengine msomaji wetu atauliza: mambo haya ya makanisa yawahusu nini askari na polisi? Jibu letu ni kwamba yawahusu kuliko watu wengine wengi, nasi tutatoa sababu.

Sababu ya kwanza ni kwamba askari mwenyewe ni mtu aliyetumwa. Neno misheni hutumika kanisani na kambini kwa maana moja: ni kazi ambayo mtu hupewa na mkubwa wake, akaifanye mahali asipozaliwa. Kijana wa Soroti au wa Gulu apangwapo Bwera huwa mgeni kama alivyo mgeni yule Mmarekani; hajui lugha, hajui mila, wala hajui ni nani aliyemfia nani. Tangu Machi 2007 Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda limepeleka vijana wake Somalia. Tangu Novemba 2021 jeshi hilohilo limevuka mpaka kuingia Kongo ya mashariki kupambana na waasi wa ADF. Ndugu zetu wa Tanzania walipelekwa Kongo mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa, na wale wa Kenya waliingia Somalia mwaka 2011. Wote hao wamekabiliwa na swali lilelile limkabililo mmisionari: safari hii itanifanya niwe mtu bora, au itanifanya niwe mtu mbaya zaidi? Tena, ni nani atakayekuwa shahidi wa jambo hilo?

Kabla ya kujibu, yafaa tuitazame nchi yenyewe. Kasese iko chini ya milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa meta 5,109. Reli kutoka Kampala ilifika hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na shaba hiyo ilikoma kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kusini yake iko Katwe, penye ziwa la chumvi, ambako Kapteni Lugard alijenga boma la kijeshi mwaka 1891. Ukizidi kwenda magharibi wafika Bwera, kisha Mpondwe, kisha mto Lhubiriha. Ukivuka tu uko Kasindi, nchi ya Kongo. Upande huu wakaa Wakonzo, upande ule Wanande, na lugha yao ni kama moja. Mpaka uliwekwa na wakoloni, lakini shangazi na mpwa hawakuulizwa. Ndiyo sababu mama wa Bwera huvuka kwenda sokoni au mazishini kama mtu avukaye barabara.

Nchi hiyo imeona mengi. Mwaka 1962 Wakonzo na Waamba walianza harakati za Rwenzururu wakikataa kutawaliwa na Toro, na amani haikupatikana mpaka miaka 20 baadaye. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera. Mwaka 2013, na tena mwaka 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba na kuivamia hospitali ya Kilembe. Mahali pa namna hiyo si darasa tupu lingojalo mwalimu kutoka ng'ambo. Ni mahali penye walimu wengi, na wengine wao wamefunzwa na msiba.

Sasa na tumtazame mtu mmoja aliyepata kuvuka mpaka huo kwa ajili ya dini, ambaye habari zake zimethibitishwa vizuri. Mtu huyo si Mzungu, bali ni Muganda. Naye kabla ya kuwa mhubiri alikuwa askari. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, pacha, akaitwa Waswa. Katika ujana wake alipita katika Uislamu, akapigana katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda mwishoni mwa karne ile. Alibatizwa Januari 1895, na mwaka huohuo akatumwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Hata jina la Kivebulaya, ambalo maana yake ni kitu kitokacho Ulaya, alipewa kwa sababu ya mavazi ya kigeni aliyopenda kuyavaa. Basi tuone jinsi mtu huyo aliyeitwa kwa mavazi yake alivyovuliwa mengi njiani.

Mwaka 1896 alivuka milima na bonde la Semliki kwa miguu akafika Mboga. Wenyeji huko hawakuwa Waganda wala lugha yao haikuwa Kiganda. Chifu wa Mboga, Tabaro, hakumpenda. Watu walikatazwa kumpa chakula. Apolo akashika jembe akalima mwenyewe. Alipigwa. Kanisa lake la nyasi lilichomwa moto. Kisha ikatokea ajali: mwanamke mmoja aliangukia mkuki akafa, na Apolo akashitakiwa kwamba amemwua. Akapelekwa Toro akiwa mfungwa, akatiwa kifungoni na wakubwa wa serikali ya Kiingereza mpaka kosa likaonekana si lake. Mwenyewe aliacha masimulizi kwamba katika dhiki ile alimwona Kristo akimtia moyo asiogope, na kwamba tangu hapo hofu ilimtoka. Akarudi palepale alipopigwa. Na Tabaro, yule adui, baadaye alibatizwa akawa rafiki yake.

Wasomaji wetu wanaojua maana ya kifungo na maana ya amri na watafakari jambo hili. Apolo hakukua kiroho siku alipofika Mboga. Siku hiyo alikuwa bado askari mwenye ari, ajuaye kwamba ametumwa na kwamba ana ujumbe. Alikua pale aliponyimwa chakula akajifunza kulima katika udongo wa wenzake. Alikua alipowekwa mikononi mwa mahakimu akiwa hana wa kumtetea. Na alikua zaidi alipokubali kurudi bila kisasi. Laiti angaliondoka baada ya majuma mawili, angalikuwa na hadithi nzuri ya kusimulia Mengo, wala Mboga isingalikuwa na kitu.

Hakuondoka upesi. Alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, akafanya kazi miaka mingi katika Toro, kisha akarejea Mboga, ambayo kwa mabadiliko ya mipaka ya wakoloni ilikuwa imeangukia Kongo ya Kibelgiji. Hakuoa. Katika miaka ya 1920 aliwaendea watu wa msituni, Wambuti, ambao majirani zao waliwadharau kuwa si watu kamili, akawafundisha na kukaa nao. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilitaka Mganda azikwe kichwa kikielekea kwao, mashariki. Apolo aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, kwa maana kazi ilikuwa bado iko huko. Leo Kanisa Anglikana la Kongo huhesabu mwanzo wake kutoka Mboga.

Hatusemi kwamba kila aendaye ng'ambo lazima afe huko. Mwalimu ana shule yake, muuguzi ana wagonjwa wake, na baba ana watoto wake. Majuma mawili au matatu ndiyo yote wawezayo kuyapata. Wala hatutaki kuwadharau wageni wajao Kasese. Hospitali ya Kagando, iliyoko katika wilaya hiyo, ilianzishwa na wamisionari, nayo imetibu maelfu ya Wakonzo na Wanande pasipo kuwauliza mpaka. Mtu asemaye kwamba wageni hawakuleta kitu hana budi kumweleza mama aliyejifungulia huko salama.

Hata hivyo, ukweli hauna budi kusemwa. Ukuta ambao fundi wa Bwera angeujenga kwa siku tatu na kuwalisha wanawe kwa ujira wake, ukijengwa na wageni wanane wasiojua kushika mwiko, umemsaidia nani? Mtoto apigwaye picha akiwa na kamasi na nguo iliyochanika, bila mama yake kuombwa ruhusa, amehubiriwa nini? Wasomaji wetu wanajua thamani ya ruhusa. Hakuna apigaye picha kambini bila idhini ya mkubwa wa kambi. Basi nyumba ya maskini nayo ni kambi yake, na mlango wake una mlinzi hata kama mlinzi huyo ni bibi kizee aliyeketi juu ya mkeka. Na zile ahadi zitolewazo siku ya kuagana, machozi yakitoka, kwamba tutarudi, tutaleta, tutajenga: ahadi hizo husahauliwa upesi na aliyezitoa, lakini aliyezipokea huzihesabu kwa miaka.

Wako wasemao kwamba dawa ya mambo hayo ni rahisi: wageni wakae kwao, watume nauli zao, na fedha hizo ziwalipe mafundi na waganga wa hapa. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuipuuzi. Fedha nyingi huishia katika ndege na mahoteli. Lakini hoja hiyo haijatimia. Fedha haina macho. Mtu aweza kutuma fedha miaka 30 kwa watu ambao moyoni mwake anawaona kuwa duni, na fedha hiyo ikazidi kumwaminisha kwamba ndivyo walivyo. Liko jambo ambalo halipatikani kwa posta wala kwa benki, nalo ni kuketi katika nyumba ya mwingine, ukala chakula chake, ukanyamaza naye akasema.

Maandiko ya Kikristo yana kisa cha jambo hili, na mmoja wa watu wake wakuu ni askari. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 10, twasoma habari za Kornelio, akida wa kikosi cha Kiitalia kilichokuwa Kaisaria. Mtume Petro alikuwa Yafa. Dini yake na malezi yake vilimkataza kuingia nyumbani mwa mtu wa mataifa. Na huyu Kornelio si mtu wa mataifa tu, bali ni ofisa wa jeshi lililoikalia nchi ya kina Petro. Petro akatumwa aende. Wengi hukisoma kisa hiki kama habari ya kuongoka kwa Kornelio. Lakini tukisoma polepole twaona kwamba Kornelio alikuwa mcha Mungu tangu zamani, mtu wa sala na sadaka. Aliyegeuzwa kwa nguvu katika safari ile ni Petro. Ndiye aliyefika akakiri mbele ya watu kwamba sasa ametambua kuwa Mungu hana upendeleo. Mhubiri alifundishwa sebuleni mwa askari.

Kisa hiki ndicho kipimo chetu. Safari ya misheni iliyo ya kweli ni ile ambayo mtumwaji hufika akijua kwamba Mungu alitangulia kufika. Akija Bwera akidhani analeta nuru gizani, hataona kitu ila giza lake. Akija akidhani kwamba wako watu huko waliosali zaidi yake na kuteswa zaidi yake, atajifunza, na kwa kujifunza atakuwa na kitu cha kutoa. Hili halihitaji miaka 30. Petro alikaa Kaisaria siku chache tu. Lakini lahitaji unyenyekevu, na unyenyekevu haupakiwi sandukuni.

Nao hao wa kujifunza kwao wako. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka kutoka Kongo, na mgonjwa wa kwanza, mtoto mdogo, alipokewa katika hospitali ya Bwera. Waganga na wauguzi wa pale, pamoja na maofisa wa mpakani Mpondwe, walisimama mahali pao. Ndugu wa familia moja walifariki, lakini ugonjwa haukuenea nchini. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, karibu na mpaka, wakaua watu wapatao 40, wengi wao wanafunzi, wengine wakiteketezwa bwenini. Baada ya hayo wazazi wa Mpondwe walizika, wakasali, na wengine wakawarudisha watoto shuleni. Mgeni akikaa na wazazi hao kwa saa moja bila kusema neno, atakuwa amesikia mahubiri yaliyo makubwa kuliko yale aliyoyaandika kwao kabla ya kusafiri.

Basi kukua kiroho hupimwa kwa nini? Hakupimwi kwa machozi ya uwanja wa ndege. Ndugu zetu Waislamu walio katika majeshi wanaelewa jambo hili vizuri, kwa maana kwao hijja ya mtu hupimwa kwa mwenendo wake akisharudi: je, mizani yake dukani imekuwa ya haki? Je, jirani yake amepata nafuu? Na Mkristo aliyekwenda misheni apimwe vivyo hivyo. Akirudi Marekani au Uingereza, atamtazamaje Mwafrika afagiaye ofisi yake, au mkimbizi wa Kongo aliyehamia mtaa wake? Kama safari ya Kasese haikufika hadi mtaa wake, safari hiyo iliishia kwenye picha. Na kipimo cha pili ni cha wenyeji: baada ya mwaka mmoja, je, waliompokea wanaweza kusema ni jambo gani alilolisikia kwao akalitenda?

Hapa Afrika ya Mashariki tunaye mfano mwingine. Festo Kivengere, mzaliwa wa Kigezi, alikwenda Dodoma, Tanganyika, akawa mwalimu wa shule na mhubiri huko kwa miaka mingi, katika nchi isiyo yake na kwa lugha ya Kiswahili. Baadaye alirudi akawa Askofu wa Kigezi mwaka 1972. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, Kivengere alikimbia kwa miguu usiku kupitia milimani akaingia Rwanda. Huko uhamishoni aliandika juu ya kumsamehe Idi Amin, neno ambalo wengi walishindwa kulimeza. Sisi twaona kwamba mtu aliyewahi kujifunza ugeni kwa hiari alikuwa na akiba ya moyo siku ugeni ulipomjia kwa nguvu.

Sasa tuwageukie ninyi wasomaji wetu, askari na polisi. Yote tuliyoyasema juu ya wamisionari yawahusu, tena kwa uzito zaidi, kwa kuwa mmisionari huja na kitabu nanyi mnakwenda na bunduki. Mgeni mwenye kitabu akikosa adabu, wenyeji watamcheka. Mgeni mwenye bunduki akikosa adabu, wenyeji watanyamaza. Na kimya cha mwananchi si heshima, bali ni deni lililoandikwa. Hatari ya askari aliyetumwa mbali ni kwamba hana mzee wa kwao wa kumkanya wala mama wa kumwonea haya. Aweza kudhani kwamba, kwa kuwa hakuna amjuaye, basi hakuna amwonaye. Hapo ndipo roho ya mtu hukua au hufa.

Kasese yenyewe ni shahidi. Novemba 2016 damu ilimwagika katika mji huo. Polisi waliuawa wakiwa kazini, na raia wengi waliuawa. Waliokufa kwa jumla walizidi 100. Omusinga wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, alikamatwa na kushitakiwa, na mwaka 2023 mashitaka yakaondolewa naye akarudi kwao. Si kazi yetu katika safu hii kugawa lawama. Lakini twasema kwamba polisi au askari apangwaye Kasese leo anakwenda kukaa kati ya wajane wa pande zote mbili. Yuko mjane wa askari, na yuko mjane wa mlinzi wa kifalme, na huenda wote wawili wanasali katika kanisa moja Jumapili. Asiyelijua hilo kabla ya kushika lindo hajui mahali aliposimama.

Liko na jambo la lugha. Kiswahili hiki tunachokiandika kimepata kutukanwa katika Uganda kwa sababu wananchi wengi walikisikia kwanza katika kelele za askari kizuizini, hasa katika miaka ya 1970: toka, lala chini, leta. Lakini pale Mpondwe, kwa mwanamke auzaye samaki wa Katwe na Mkongo anunuaye, Kiswahili ni lugha ya soko, ya utani na ya maombi. Makanisa ya Kongo husali kwa lugha hiyo. Ni kinywa cha askari kitakachoamua lugha hii ijulikane kwa lipi. Askari asemaye, "Shikamoo mama, naomba kitambulisho," hajapunguza hata chembe ya mamlaka yake. Na akijifunza neno moja la Kikonzo, akasema wasingya badala ya kunyamaza anapopewa maji ya kunywa, amefanya kazi ambayo mmisionari hutumia miezi kuifanya.

Twakumbusha pia kwamba vijana waliovuka kuingia Kongo mwaka 2021 waliingia katika nchi ya Apolo Kivebulaya. Usiku wa tarehe 30 Mei mwaka huo, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, watu zaidi ya 50 waliuawa huko Mboga na katika kijiji jirani cha Tchabi. Watu wa huko hawakuhitaji kuambiwa kwamba wanahitaji ulinzi. Lakini wamekwisha kuona majeshi mengi yakija kwa jina la ulinzi, na wamejifunza kupima. Hawamwulizi askari ametoka wapi. Humtazama anavyonunua ndizi. Akilipa, habari zake hufika kijiji cha pili kabla yake. Asipolipa, habari zake nazo hufika.

Kwa hiyo twapendekeza mambo machache yawezayo kutendeka. Makanisa yawapokeao wageni Kasese na Bwera yasione haya kuwawekea masharti: kazi iliyo na fundi wake apewe fundi, picha ziombewe idhini, ahadi ziandikwe na wazee au zisitolewe kabisa, na siku ya kwanza ya mgeni iwe ya kusikiliza wala si ya kuhubiri. Mgeni wa kweli hatachukia. Makasisi na maimamu wa majeshi nao wafanye vivyo hivyo kwa vijana wanaopangwa mbali. Kabla kikosi hakijaondoka, wafundishwe habari za watu wanaokwenda kukaa nao: mila zao, misiba yao, majina ya wazee wao, na maneno kumi ya lugha yao. Saa mbili za mafunzo hayo zaweza kuokoa maisha ya raia, na ya askari pia.

Na kila askari binafsi ajiwekee desturi moja: aishipo ugenini, awe na mwenyeji mmoja mzee, mwanamume au mwanamke, ambaye atamwamkia kila mara na kumwuliza habari za mahali pale, bila kutaka kitu kwake. Kwa njia hiyo atakuwa na mtu wa kumwonea haya. Muda wake ukimalizika na amri ya kuondoka ikija, asijiulize amekua kiasi gani, kwa maana mtu hajipimi urefu mwenyewe. Amwendee mzee huyo kumuaga, na amsikilize vizuri atakavyojibu.